Verlin Stooksbury na Silinda ya Inchi Tatu

Mchungaji Clell, wifi yangu Nadine, Delphia binti wa kaka yangu, ndugu wa Bonde la Tarwater, mliofanya kazi na marehemu kwenye machimbo ya chokaa, jamaa zetu mliotoka Ohio, na ninyi wa viti vya nyuma mliokuja zaidi kwa ajili ya kuku na maharage yaliyoko ukumbini, nawasalimu wote. Mimi ni Imogene, dada wa marehemu, nimemzidi miaka minne, na kwa miaka thelathini na moja nilisimama nyuma ya kaunta ya duka la vipuri vya matrekta nikikata na kubana mipira ya haidroli, ile mirija ya kupitishia oili, kwa hiyo wengi wenu mnaijua mikono yangu kuliko sura yangu. Nimepewa kusoma karatasi hizi mbili, ambazo marehemu alizitamka mwenyewe akiwa kitandani hospitalini na mkewe akaziandika, kwa sababu hata habari za kifo chake hakuamini kwamba mtu mwingine angeweza kuzifunga sawasawa. Nitazisoma, na pale zinapodanganya nitasimama na kuzirekebisha.

Najua mnasubiri sehemu gani. Mnasubiri sehemu ya usukani. Kwa wiki mbili bonde hili limekuwa likinong'ona dukani, kwenye pampu ya petroli na hapa hapa kwenye ngazi za kanisa kwamba Delphia alimfungia baba yake usukani mbovu na usukani huo ukamuua, na watu watatu wameshakwenda kuondoa magari yao kwenye gereji yake, tena mmoja aliliburuta kwa kamba likiwa halina injini, aibu hana. Tutafika huko, ila marehemu ana haki ya kuzaliwa kwanza.

Marehemu Verlin Dewayne Stooksbury alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, nyumbani, katika chumba cha mbele cha nyumba ile ambayo paa lake linaonekana ukisimama mlangoni mwa kanisa hili, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Orbin na marehemu Delphia Stooksbury. Karatasi inasema kwamba "tangu utotoni alijaliwa kipaji cha ufundi." Alichojaliwa tangu utotoni ni mkono usiotulia. Akiwa na miaka sita alifungua saa ya baba, akiwa na miaka tisa akafungua cherehani ya mama, akiwa na kumi na mmoja akafungua redio iliyokuwa ikiongea vizuri kabisa, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichorudi kufanya kazi, na kila alipoulizwa alijibu, "Kilikuwa kimefungwa vibaya tangu kiwandani." Jibu hilo lishikeni, mtakutana nalo tena.

Alisoma katika Shule ya Msingi Tarwater kuanzia mwaka 1963 hadi 1971, kisha sekondari kuanzia 1971 hadi Mei 1975, ambako karatasi inasema alimaliza "vizuri." Alimaliza akiwa wa sitini na mbili kati ya wanafunzi sitini na wanne, na wale wawili waliomfuata walikuwa wamehama shule tangu Januari.

Tarehe 4 Agosti 1975 aliajiriwa kwenye machimbo ya chokaa kuendesha kijiko cha kupakia mawe, na aliifanya kazi hiyo bila kukosa siku, jambo ambalo namsifu kwa moyo wote, mpaka alipostaafu tarehe 30 Oktoba 2009. Lakini hapa ndipo ugonjwa wake halisi ulipoanzia, wala si ule ulioandikwa na daktari. Kijiko kinafanya kazi kwa nguvu ya oili, kinainua kwa oili, kinapinda kwa oili, na marehemu, kwa kuwa alikikalia miaka thelathini na minne, aliamini kwamba elimu ya haidroli ilipanda yenyewe kutoka kwenye kiti mpaka kichwani. Kijiko kilipoharibika aliitwa fundi, naye marehemu alisimama pembeni na kikombe cha kahawa akimwelekeza fundi kwa kidole, na kikitengemaa alirudi nyumbani akasema, "Leo nimetengeneza kijiko." Wenzake mliokuwa naye mnacheka sasa, lakini wakati ule mlikuwa mkimwitikia.

Alifunga ndoa na Nadine Loveday tarehe 9 Juni 1984, katika kanisa hili, mvua ikinyesha, na mimi ndiye niliyeshika maua. Karatasi inasema kwamba "waliishi kwa amani na kusikilizana." Ni kweli kwamba marehemu hakuwahi kumnyanyulia mkewe mkono wala sauti, na kila Jumapili alimkaangia mayai na kumpelekea kahawa kitandani. Ni kweli pia kwamba tangu mwaka 1986 Nadine anaweka kufuli kwenye kabati la mashine yake ya kufulia, na ufunguo anatembea nao shingoni, hata leo ninauona.

Walijaliwa mtoto mmoja, Delphia, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1988, akapewa jina la mama yetu. Alisomea mitambo chuoni kwa miaka miwili, akarudi Desemba 2008, akafanya kazi kwa watu, na mwaka 2015 akafungua gereji yake katika ghala la babu yake la kukaushia tumbaku, ambako anatengeneza yale magari ya fremu ya mabomba ambayo watu wa bonde hili, badala ya kulima au kulala, huyapandisha kwenye miamba kila Jumamosi ya kiangazi. Jamaa wa Ohio, msishangae, ndiyo starehe yetu, mtu anakanyaga mafuta mpaka mwisho, anavamia mlima uliosimama wima, na sisi wengine tunakaa pembeni na viti vyetu vya kukunja kuona ni nani atashuka na magurudumu juu.

Marehemu aliingia kwenye mchezo huo mwaka 1992, na alipanda vizuri, kwa maana woga hakuwa nao, nafasi yake ilikuwa imejazwa na kitu kingine. Mwezi Aprili 2008 alifunga usukani wake wa kwanza wa oili tupu, ule usio na fimbo wala gia kutoka kwenye mikono ya dereva mpaka kwenye magurudumu. Ni kitu chepesi kueleza. Pampu inasukuma oili, vali iliyo chini ya usukani inaipima kila unapozungusha, mipira miwili inaipeleka mbele, na silinda iliyolala kwenye ekseli inasukuma magurudumu kushoto au kulia. Mipira miwili tu. Marehemu aliibadilisha, wa kushoto akaufunga kulia na wa kulia kushoto, hivyo akizungusha usukani kushoto gari lilikwenda kulia. Mtu yeyote angeifungua na kuihamisha, kazi ya dakika kumi. Yeye aliendesha hivyo msimu mzima, Aprili mpaka Oktoba, akivunja uzio wa Bi Opal, mwenye mlima, mara mbili, na akiulizwa alisema, "Nimefanya makusudi, inaamsha ubongo." Hobart Sizemore naye, ambaye amekaa pale safu ya tatu kavaa tai ya kuazima, akaenda kwake akabadilisha mipira yake vilevile.

Delphia aliporudi kutoka chuoni alihamisha ile mipira kabla ya chakula cha mchana, akanawa mikono. Baba yake alikwenda nalo mlimani Jumamosi iliyofuata, akapanda mpaka juu kwa mara ya kwanza mwaka huo, akashuka akawaambia watu, "Nimerekebisha kidogo." Tangu siku hiyo kila kizuri kilichotoka kwenye mikono ya binti yake alikisema ni chake, na kila kibaya kilichotoka kwenye mikono yake mwenyewe kilikuwa kimefungwa vibaya na mtu mwingine.

Sasa nafika majira ya baridi yaliyopita. Kuanzia Desemba 2023 mpaka Machi 2024 Delphia alimjengea baba yake gari jipya, zawadi ya miaka sitini na saba, na usukani wa gari hilo aliuchagua kwa wiki tatu. Nasema aliuchagua, kwa sababu wanaume wa bonde hili hawachagui, wananunua kinachong'aa. Alilipima gari uzito, akapima urefu wa tairi, akapima magurudumu yanasafiri kiasi gani kutoka pembe hadi pembe, akahesabu silinda inakunywa oili kiasi gani na vali inatoa kiasi gani kwa mzunguko mmoja wa mkono, akaandika yote ubaoni kwa chaki. Mimi nilikuwepo, nimekuja kupima mipira, na marehemu alikuwepo, amekuja kuharibu.

"Unahesabu nini siku zote hizo?" akamuuliza. "Chukua silinda kubwa, funga, tumalize."

"Kubwa inakunywa oili nyingi, baba. Oili hiyo itatoka wapi?"

"Kwenye pampu."

"Pampu inatoa kiasi gani?"

"Ya kutosha."

"Ya kutosha ni namba ngapi?"

Akanigeukia mimi, akasema, "Dada, umeona? Nimesomesha mtoto aje kunihoji kama polisi."

Delphia alichagua silinda ya inchi mbili na nusu, yenye fimbo inayotokea pande zote mbili, kusudi oili inayoingia kushoto ilingane na inayoingia kulia, na mkono wa dereva usidanganywe. Mizunguko miwili na nusu kutoka mwisho mpaka mwisho, kwenda na kurudi, ile ile. Kisha akafanya analofanya siku zote, alikaza kila nati kwa spana ya kipimo, akachukua kichupa cha rangi ya njano, na akachora mstari mwembamba unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye chuma kilicho chini yake, ili nati ikisogea hata kidogo mstari ukatike, na mtu aone kwa jicho kwamba kimeguswa. Kila kitu kinachotoka kwenye gereji ile kina mstari huo. Mmeucheka miaka tisa. Mmemwita fundi wa kucha. Na baba yake ndiye aliyewaongoza kucheka, alikuwa akisimama pale mlimani akiinua mkono kwa mbwembwe na kusema, "Samahani, siwezi kusukuma gari, rangi yangu haijakauka."

Gari lilipanda. Machi lilipanda, Aprili lilipanda, mara nne mfululizo marehemu alifika kileleni kwenye ule mlima tunaouita Mgongo wa Opal, ambako hakuwa amefika hata siku moja kwa mikono yake mwenyewe. Mnadhani alishukuru? Hobart alimfuata na soda mkononi, akainama chini ya gari, akaangalia silinda, akacheka.

"Verlin, hii ni ya inchi ngapi?"

"Mbili na nusu."

"Mbili na nusu! Hiyo si ya kupambia keki, ndugu yangu? Mimi ninayo ya tatu kwenye trekta langu, inainua robota za nyasi mbili kwa pamoja. Njoo uchukue. Haidroli ni haidroli."

Hobart, usiinuke, choo kiko upande ule mwingine na sijamaliza.

Siku ya Alhamisi tarehe 2 Mei 2024, Delphia akiwa amekwenda Knoxville kufuata vichujio, marehemu alifungua silinda ya binti yake na kufunga ile ya trekta la Hobart. Silinda ya trekta ina fimbo upande mmoja tu. Imetengenezwa kuinua kitu na kukishusha, na haijali kama kushuka kuna haraka kuliko kupanda, kwa sababu nyasi hazilalamiki. Ukiifunga kwenye usukani, upande wenye fimbo una nafasi ndogo ya oili, unajaa upesi, na upande mwingine una nafasi kubwa, unajaa polepole, kwa hiyo gari linakwenda kushoto kwa mizunguko michache na kurudi kulia kwa mizunguko mingi. Halafu ni pana, na vali ya Delphia ilikuwa imepimwa kwa ile nyembamba, kwa hiyo kila mzunguko wa mkono uligeuza magurudumu kidogo kuliko alivyozoea. Jambo hili nililieleza kaunta kwa miaka thelathini na moja kwa wanaume waliokuwa wakinitazama kama ninawasimulia ndoto. Marehemu alisukuma gari nje, akazungusha usukani mara moja uani, magurudumu yakageuka, akaridhika.

Jumamosi tarehe 4 Mei, saa nane na robo mchana, alivamia Mgongo wa Opal mbele ya watu wasiopungua mia tatu. Pale kwenye jiwe la pili gurudumu la mbele lilinyanyuka, akakata kushoto, gari likaitika, akataka kulirudisha kulia, na hapo mlimwona wote, mlimwona akizungusha na kuzungusha na kuzungusha, mikono yake ikienda kama ya mtu anayevuta ndoo kisimani, na gari halijarudi. Lilikaa ubavu, likabingirika mara tano. Delphia alikuwa wa kwanza kufika, alikata mkanda kwa kisu chake na kumtoa baba yake akiwa amevunjika nyonga na mbavu sita, anaongea.

Na neno la kwanza aliloongea, wengi wenu mlilisikia, alisema, "Usukani ulikuwa umefungwa vibaya."

Karatasi yangu inasema hapa, nasoma kama ilivyo, "ajali hiyo ilitokana na hitilafu ya usukani uliojengwa na binti yake mpendwa, ambaye marehemu amemsamehe." Amemsamehe! Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi wiki hii, na kila nikiisoma natamani kumwamsha.

Kwa desturi yetu gari lililomwangusha mtu hufunikwa turubai, na haliguswi wala halichunguliwi mpaka mwenyewe apone au azikwe, na ninyi wote mliheshimu desturi hiyo vizuri sana, mkaenda kuchungulia maisha ya Delphia badala yake. Jumatatu tarehe 6 Mei nilikwenda kwa Nadine kulisha kuku, kwa sababu yeye alikuwa hospitalini, nikachota kwenye gunia la chakula cha kuku na kopo langu likagonga chuma. Ilikuwa ni silinda ya Delphia. Ilikuwa imefichwa na mtu mzima wa miaka sitini na saba katikati ya mahindi ya kuku, na mistari ya njano ilikuwa bado ipo, imekatika yote pale nati zilipofunguliwa. Kesho yake, Jumanne, nilifunua turubai. Kama kuna adhabu ya kufunua, nileteeni mimi. Chini ya gari kulikuwa na silinda ya trekta yenye rangi ya kijani, inchi tatu, na kwenye nati zake hakuna hata tone la njano.

Nikaenda kwa Delphia nikamwambia. Alikuwa anafagia gereji tupu. Akasema, "Najua, shangazi. Niliona pale pale mlimani, nikiwa nakata mkanda."

"Na umenyamaza?"

"Yuko kitandani. Mwache aendelee na jina lake. Mimi nitatengeneza jingine."

Ndugu zangu, nililia kwa hasira. Kwa siku zote zile alikuwa akisimama dirishani kwenye chumba cha hospitali, ameshika kikombe cha barafu ili baba yake alowanishe midomo, na wageni walikuwa wakiingia mmoja mmoja, wakiuliza, "Verlin, ilikuwaje?" na baba yake alikuwa akitikisa kichwa kwa huzuni na kusema, "Muulizeni Delphia, yeye ndiye fundi." Nao walikuwa wakimtazama. Hobart alikuja mara mbili, akijua silinda ya nani iko chini ya lile turubai, na alimtazama pia.

Kuhusu kuugua kwake, madaktari walimfanyia upasuaji wa nyonga tarehe 5 Mei, na alikuwa akiendelea vizuri, ingawa tarehe 9 alifungua kiungo cha mrija wa dripu na kumwambia nesi kwamba kilikuwa kimefungwa vibaya, shuka zikabadilishwa mara mbili. Jumatatu tarehe 13 Mei, asubuhi, nilikwenda kumwona peke yangu. Nilikuwa nimebeba mfuko wa nguo safi, na ndani ya mfuko kulikuwa na silinda, nikaitoa nikaiweka kitandani kando ya mguu wake. Aliitazama muda mrefu. Aliugusa mstari wa njano kwa kidole.

"Dada," akasema, "usiwaambie. Watanicheka."

Nikamwambia, "Wakucheke wewe, au wamnyang'anye yeye mkate?"

Akafumba macho. Nikadhani amelala. Kisha akasema, "Subiri nizikwe, ndiyo useme."

"Kwa nini nisubiri?"

"Hapo sitawasikia."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia kaka yangu, ambaye hakuogopa mlima wowote katika jimbo la Tennessee. Alfajiri ya Jumatano tarehe 15 Mei 2024 donge la damu lilitoka mguuni likaenda kwenye mapafu, na saa kumi na mbili kasorobo akafariki dunia, Nadine akiwa amemshika mkono mmoja na Delphia mwingine. Madaktari walituhakikishia kwamba ule mrija haukuhusika, na ninawaamini, kwa sababu wao huhesabu.

Sasa angalieni hapa chini ya kiti changu. Nadine, samahani, nimeileta kanisani. Hii ndiyo silinda ya Delphia, nitaiweka mezani kando ya vyakula, na atakayetaka bakuli la pudini ya ndizi ataiangalia kwanza, aiangalie mistari ilivyokatika. Tukitoka makaburini, turubai litafunuliwa na mchungaji mwenyewe, na kila mtu atainama chini ya gari, hata mwenye mgongo mbovu. Wale watatu mlioondoa magari, mtayarudisha kabla ya Jumatatu, na mtapanga foleni nyuma ya watu waliosubiri kwa adabu. Na Hobart, utaichukua ile ya kijani uirudishe kwenye nyasi.

Verlin, uliniambia nisubiri uzikwe. Hatujakuzika bado. Upo hapa mbele yangu, na kama unasikia, sikia. Hakuna anayecheka. Nilikupenda tangu ulipokuwa na miaka sita na saa ya baba mezani vipande vipande, na kwa ajili ya siku hizi kumi na moja nakudharau, na itabidi ulale na vyote viwili kama mimi nitakavyoishi navyo.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa wodi ya mifupa, hasa yule aliyebadilisha shuka, inawashukuru majirani waliolisha ng'ombe na kukata majani, akina mama wa kanisa kwa vyakula ambavyo friji yetu imeshindwa kuvimeza, na wenzake wa machimbo, walioranda mbao na kuunganisha jeneza hili kwa siku mbili bila kuombwa. Walituletea likiwa tayari isipokuwa mfuniko, na bolti nane za mfuniko walimwachia mwanawe. Jana jioni Delphia alizikaza moja baada ya nyingine kwa spana ya kipimo, hakuharakisha, na mkisogea karibu wakati wa kuaga mtaona kwamba kila moja ina mstari wake wa njano.

Pumzika, kaka yangu. Umefungwa vizuri. Usiguse kitu.